UZI: Mgodi wenye kina kirefu kuliko yote duniani ni upi? Kwanza niambie umeanzia kupima wapi

#1 MpimaMwamba

Wakuu, salaam kutoka Makao Makuu.

Kila mada ya migodi inapoibuka humu, lazima mtu aweke namba moja: "Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 4." Ubishi unaishia hapo. Mimi kazi yangu ni upimaji wa migodi, na namba hiyo ikiachwa peke yake inaniuma, maana imekatwa kichwa na miguu. Kilomita 4 kuanzia wapi? Kwa wima, au kwa kufuata mteremko? Mpaka pale mchimbaji anaposhika drili, au mpaka chini kabisa ya shafti (shimo kuu la kushukia mgodini) kwenye dimbwi la maji na matope ambako hakuna anayefanya kazi? Tunazungumzia mgodi unaofanya kazi leo, au hata ule uliowahi kufika huko kisha ukafungwa?

Najua wadogo zetu wa Chuo cha Madini na wa UDOM wanapita humu, na wachimbaji wadogo pia wamo. Kwa hiyo twende taratibu.

Tuanze na hapa tulipo. Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tuchimbe shimo la kufikirika la mita 1,100 pale Nyerere Square. Ukifika sakafuni utakuwa umelingana na maji ya bahari pale Kivukoni, Dar. Sasa shimo la urefu uleule lichimbwe Kivukoni penyewe: sakafu yake itakuwa mita 1,100 chini ya bahari. Kwa futi kamba mashimo haya ni pacha. Lakini moja limeingia ndani ya dunia kuliko jingine kwa zaidi ya kilomita nzima.

Hilo ndilo linalotokea kati ya Mponeng na mgodi wa Kidd wa Kanada. Mponeng uko karibu na Carletonville, kusini-magharibi ya Johannesburg, kwenye uwanda wa juu unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wachimbaji wake wanafika kati ya kilomita 3.8 na 4 chini ya ardhi. Kidd uko Timmins, jimbo la Ontario, unatoa shaba na zinki, na sakafu yake iko kama mita 3,014 kutoka juu. Ukiangalia hapo, Mponeng umeshinda kwa karibu kilomita moja. Lakini Timmins iko kama mita 300 tu juu ya bahari. Toa mwenyewe: Kidd unafika kama mita 2,700 chini ya usawa wa bahari, Mponeng unaishia kama mita 2,400. Ukipima kwa bahari, Mkanada yuko mbele.

Sasa mshindi nani? Msimamo wangu ni huu: kama tunamzungumzia binadamu anayechimba, kina cha kuhesabu ni cha wima kutoka mdomo wa shafti. Uzito wa mwamba ulio juu ya kichwa chake hauulizi bahari iko wapi. Kila kilomita moja ya mwamba inaongeza mgandamizo wa kama mara 270 ya ule wa hewa tunayovuta pwani. Pale Mponeng mwamba unabeba mzigo unaozidi mara 1,000 ya mgandamizo wa hewa, ndiyo maana unaweza kupasuka ghafla kama bomu na kutikisa ardhi mpaka juu. Urefu wa kamba ya winchi, muda wa kushuka, muda wa kuokoa mtu aliyeumia, vyote vinafuata umbali wa kutoka mdomoni. Lakini mwanajiolojia anayechora ganda la dunia ana haki kabisa ya kutumia bahari. Mradi aseme.

Hata huo "mdomo" una matatizo yake. Huko China, chini ya mlima Jinping, kuna maabara ya fizikia yenye mwamba wa mita 2,400 juu yake. Wanasayansi wanaifikia kwa gari, barabara ya handaki inaingia ubavuni mwa mlima, hakuna kushuka shafti. Mliopanda SGR mkapita mahandaki ya Kilosa mtanielewa: umekaa kwenye siti, treni haijateremka popote, lakini mlima mzima uko juu yako. Je, hapo upo chini ya ardhi kwa kina gani? Linganisha na maabara ya SNOLAB iliyo ndani ya mgodi wa nikeli wa Creighton, karibu na Sudbury, Kanada. Kule unashuka na keji, lifti ya mgodini, kama kilomita 2 wima, unatembea kwenye njia ya mgodi, unaoga na kubadili nguo ndipo unaingia. Kwa mchimbaji, SNOLAB ni kina na Jinping ni handaki. Kwa mwanafizikia anayejificha na miale itokayo angani, Jinping imejificha zaidi. Wao wameachana kabisa na mita za mwamba, wanageuza kila kitu kuwa mita za maji, yaani ingehitajika bahari ya kina gani ili kuzuia miale kiasi hicho. SNOLAB kwa hesabu hiyo ni karibu mita 6,000 za maji.

Migodi ya wazi nayo ina mambo yake. Bingham Canyon kule Utah, Marekani, imeanza kuchimbwa 1906 na sasa ina kina cha kama kilomita 1.2. Lakini walianza na mlima. Kina kile ni kutoka ukingo wa juu mpaka sakafuni, na ukingo wenyewe haulingani pande zote. Sitaki kuuweka kwenye orodha moja na Mponeng, maana ule ni mlima uliogeuzwa bakuli.

Nakaribisha maswali. Nimeacha mengi makusudi, tutayaokota huko mbele.

#2 Mnyiramba_Asilia

Mkuu asante, naweka kambi hapa. Mimi natokea Iramba, jirani na Sekenke. Kwa wasiojua, Sekenke ndiko dhahabu ilikochimbwa tangu enzi za Mjerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kufua zile sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo.

Swali langu ni la chini. Sisi kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, tunapima kwa kamba. Kamba ya winchi ikitoka mita 60, tunasema duara lina mita 60. Juzi hapa vijana wa duara la jirani wametangaza wamefika 90 na wanajisifu kila mahali. Tunaweza kulinganisha?

#3 MpimaMwamba

Mnyiramba, hilo swali si la chini, hata wakubwa limewasumbua.

Jambo la kwanza ni mwinamo. Duara likishuka wima sawasawa, kamba inasema karibu na ukweli. Lakini mwamba wa dhahabu mara nyingi umelala, na ninyi mnaufuata ulivyolala. Kamba ya mita 90 kwenye mwinamo wa nyuzi 40 kutoka mlalo ni kina cha wima cha mita 58 tu. Kama duara lenu la 60 ni la wima, basi ninyi ndio mko chini zaidi ya hao wanaojisifu.

Wamarekani wa zamani walikuwa na mchezo huohuo. Mgodi wa shaba wa Quincy, Michigan, una shafti namba 2 iliyofika futi 9,260, yaani mita 2,822. Namba inavutia, ila ni urefu wa kufuata mwamba uliolala. Ukiisimamisha wima inashuka chini sana ya hapo. Ndiyo maana mwaka 1875, kule Příbram, ambako sasa ni Jamhuri ya Cheki, shafti ya Vojtěch ilipofika mita 1,000 walisherehekea wakisisitiza neno wima. Walijua wanachoshindania.

Jambo la pili ni kamba yenyewe. Kamba inavutika. Kamba ya chuma ya winchi kwenye shafti ndefu inarefuka kwa mita kadhaa ikibeba keji iliyojaa watu au mawe, kisha inarudi ikishusha mzigo. Opereta wa winchi ana kipimo mbele yake kinachomwonyesha keji iko wapi, nacho kinamsaidia kusimama kwenye levo, yaani ngazi ya mgodi, lakini sisi wapimaji hatukiandiki kwenye ramani.

Tunatumia tepu ya chuma, na hiyo nayo inahitaji kusahihishwa. Ining'inize tepu ya mita 1,000 ndani ya shafti bila kufunga kitu chochote: kwa uzito wake tu inajivuta karibu sentimita 19. Ukiishusha mita 2,000 mvutiko haufiki mara mbili tu, unafika mara nne, sentimita 77. Halafu joto. Tepu iliyopimwa kwenye nyuzi 20 ikining'inia kwenye shafti yenye wastani wa nyuzi 40 inarefuka sentimita 23 nyingine kwa kila mita 1,000. Siku hizi tunapiga mwanga wa leza kutoka juu hadi kwenye kioo chini, tunahesabu muda wa kwenda na kurudi. Hapo kinachosumbua ni hewa, maana joto na mgandamizo vinabadilika jinsi mwanga unavyoshuka.

Kwa duara la mita 60 usijiumize na hayo. Chukua futi kamba ndefu, pima kila kipande cha duara kuanzia mdomoni, andika mwinamo wa kila kipande kutoka mlalo, zidisha urefu wake kwa saini (sine) ya mwinamo huo, kisha jumlisha. Kama simu yako ina programu ya kupima mwinamo, ilaze juu ya ubao uliolala na kipande hicho, inatosha kwa kuanzia.

#4 Mnyiramba_Asilia

Duh. Kwa hiyo miaka yote tunashindana kwa urefu wa kamba. Nitawapelekea hii kwenye grupu letu, ngoja nione.

Na timazi je? Sisi timazi tunaiamini kuliko kitu chochote.

#5 MpimaMwamba

Ndugu yangu, hapo umenigusa, ngoja nikupe kisa cha kweli ninachokipenda kuliko vyote kwenye fani hii.

Michigan tena, mwaka 1901, migodi ya Tamarack. Wapimaji walishusha nyuzi mbili za chuma ndani ya shafti, kila moja futi 4,250, karibu mita 1,295, na timazi nzito chini. Lengo lilikuwa la kawaida kabisa: kuhamisha mwelekeo wa ramani ya juu kwenda chini. Hesabu inasema nyuzi mbili za timazi zinaelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo chini zikaribiane kidogo mno. Zikiwa mita tano mbali juu, chini zinatakiwa kupungukiwa na milimita moja tu. Wakapima. Chini zilikuwa mbali zaidi kuliko juu.

Wakapima tena, hali ileile. Wakadhani ni sumaku ya mwamba inavuta chuma, wakatoa timazi za chuma wakaweka za risasi. Bado. Unaweza kufikiria mtu amesimama gizani mita 1,295 chini, na kitu pekee ambacho kila fundi ujenzi anakiamini kimekataa kumpa jibu analolijua. Kuna watu walianza kusema dunia ina umbo la ajabu, na mpaka leo kisa hiki kinasambazwa na wale wanaodai tunaishi ndani ya tufe.

Profesa McNair wa chuo cha madini cha Michigan ndiye aliyeona jibu: hewa. Shafti za Tamarack zilikuwa zimeunganishwa chini, hewa inashuka huku inapanda kule, na mkondo wake unasukuma waya mrefu kidogokidogo kwa urefu wote. Midomo ya shafti ilipozibwa, ule mwachano wa ajabu ukatoweka.

Kwa hiyo timazi iamini, ila ziba upepo. Tunachofanya sasa ni kutumbukiza uzito wa timazi kwenye pipa la maji au oili ili utulie, tunapunguza feni, tunasoma mara nyingi na kuchukua wastani. Kwa mwelekeo tuna kifaa chenye gurudumu linalozunguka kwa kasi ambacho kinatafuta kaskazini chenyewe, kwa nguvu ya mzunguko wa dunia, bila dira wala jua. Kwa shafti ya kilomita mbili au tatu, hicho kifaa ni mkombozi.

#6 Binti_Makole

Kaka MpimaMwamba, mbona hujataja Warusi? Shule tuliambiwa wamechimba kilomita 12. Mponeng wa kilomita 4 ataitwaje mrefu kuliko yote?

#7 MpimaMwamba

Dada, umekumbusha vizuri. Kisima cha Kola, rasi ya Kola, Urusi. Kilianza Mei 1970 na kufika mita 12,262 mwaka 1989. Lakini upana wake ni sentimita 23, huwezi hata kupitisha ndoo ya fundi. Ni tundu la utafiti. Walikuwa wanatoa sampuli za mwamba. Waliposimama, joto la chini lilikuwa nyuzi 180, wakati walitarajia kama 100.

Mimi natenga hivi: mgodi ni pale binadamu anaposhuka, anafanya kazi, anapanda. Tundu ni tundu hata likifika wapi.

Na kwenye matundu nako mwinamo umetia mkono. Utasoma kwamba kisima cha mafuta cha Al Shaheen, Qatar, kilifika mita 12,289 mwaka 2008, na Odoptu kule Sakhalin mita 12,345 mwaka 2011, kwamba wameipita Kola. Wamepita kwa urefu wa bomba. Visima vile vinashuka kidogo kisha vinalala na kukimbia mlalo kilomita nyingi chini ya sakafu ya bahari kutafuta mafuta. Kwa wima Kola imebaki mbele, tena kwa mbali. Watu wa mafuta wenyewe hawachanganyi, kwenye ripoti zao kuna safu mbili, urefu wa kisima na kina cha wima. Wanaochanganya ni waandishi wa habari.

#8 Mzee_wa_Kizota

Vijana hongereni. Mimi ni mtumishi mstaafu, ninapenda namba zenye mwenyewe. Nani anazithibitisha hizi kilomita? Isije ikawa kampuni inajipimia na kujitangazia.

#9 MpimaMwamba

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lenyewe.

Kwa kiasi kikubwa ni kampuni. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachoingia kila mgodi na tepu yake. Lakini usalama wa watu unategemea ramani. Mgodi ukikosea unapasua ukuta kuingia kwenye mgodi wa jirani uliojaa maji, kwa hiyo namba za ndani za wapimaji ni za uhakika mno. Uharibifu unaingia namba zinapotoka ofisini kwenda kwa watu.

Nikupe mifano ya ninachokagua mwenyewe. Kwanza sifuri yao iko wapi. Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand imekuwa na desturi ya kuhesabu kutoka uso wa kufikirika ulioko futi 6,000 juu ya bahari, yaani mita 1,828.8, ili kila namba ihesabike kwenda chini bila alama ya kutoa. Sasa uso huo uko hewani, juu ya ardhi ya sehemu nyingi za pale. Mtu asiyejua akichukua namba ya ramani akaiita kina, ameongeza hewa tupu kwenye mgodi.

Pili, vipimo vya Kiingereza. Mwandishi anasema "maili mbili na nusu" kwa kukadiria. Wa pili anageuza, anapata kilomita 4.02. Wa tatu anaandika mita 4,023. Sasa makadirio ya mtu mmoja yamevaa suti ya kipimo cha maabara. Mzee, ukiona mgodi umetajwa mpaka mita ya mwisho, uliza kama hiyo mita ilipimwa au ilizaliwa kwenye kikokotozi.

Tatu, mpango dhidi ya hali halisi. Kampuni inatangaza itashuka mpaka mahali fulani, mwakani watu wanaandika imeshuka.

Nne, hai au mfu. TauTona, jirani wa Mponeng, ulifika kilomita 3.9, na kwa kipindi ndio uliokuwa ukitajwa namba moja. Ulifungwa 2018. ERPM wa Boksburg ulifika mita 3,585, umefungwa tangu 2008. Kolar, jimbo la Karnataka nchini India, ulishuka kama kilomita 3.2 na kufungwa Februari 2001. Mgodi ukifungwa pampu zinazimwa, maji yanapanda. Ile levo ya chini ipo kwenye ramani tu. Shimo maarufu la Kimberley lilichimbwa kwa mikono kama mita 240, leo limejaa kifusi na maji, ukisimama ukingoni unaona sehemu tu ya lile lililochimbwa. Tuandike ipi? Mimi naandika zote mbili, na mwaka kando ya kila moja.

Sikukusudia kuwavunja moyo juu ya Mponeng. Ukitumia kipimo changu, wima kutoka mdomoni, mahali binadamu anachimba leo, ndio wa kwanza na sijaona wa kushindana naye. Sasa tumejua kwa nini.

#10 Kibaigwa_1

Wakuu, mimi mkulima wa mahindi tu lakini nimefuatilia. Kwa nini ni Afrika Kusini na siyo kwingine? Na kwa nini wasiende kilomita 6?

#11 MpimaMwamba

Kibaigwa, karibu sana, swali lako lina utamu.

Dhahabu ya kule iko kwenye matabaka membamba ya mwamba, mahali pengi hata mita moja haifiki, yamelala kwa mteremko mpole na kuendelea mbali mno. Yaligunduliwa yakichungulia juu ya ardhi Johannesburg mwaka 1886. Tangu hapo ni kuyafuata yanavyozama. Hakuna aliyekaa akaamua kuchimba kilomita 4. Ni kizazi baada ya kizazi kufuata bamba lilelile.

Halafu joto limewahurumia. Sehemu nyingi za dunia, ukishuka kilomita moja joto la mwamba linapanda nyuzi 25 hadi 30. Kwa hesabu hiyo, kilomita 4 chini mwamba ungekuwa zaidi ya nyuzi 120, maji yanachemka. Mponeng mwamba unafika kama nyuzi 66, yaani wanapanda kama nyuzi 12 tu kwa kilomita. Wako kwenye kipande cha bara kikongwe, kinene, kilichopoa kwa miaka bilioni kadhaa. Na sisi hapa kati ya nchi, Dodoma, Singida mpaka kule Ziwa, tumekaa juu ya kipande kingine cha aina hiyohiyo.

Hata hizo 66 ni jehanamu. Mwamba ukiugusa unakuunguza. Hewa yenyewe ikishuka shafti inagandamizwa na kupata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita, kabla hata haijagusa mwamba wa moto. Kwa hiyo huwezi kupuliza tu hewa ya juu ukategemea ipoze. Pale Mponeng wanatengeneza barafu juu, wanaichanganya na maji ikawa kama uji, wanaisukuma chini kwa mabomba, na mafeni yanapitisha hewa juu yake. Lengo ni kushusha hewa chini ya nyuzi 30 ili mtu aweze kufanya kazi.

Na kamba. Kamba ya chuma ina uzito wake. Ukiirefusha, inafika mahali nguvu yake yote inaishia kujibeba yenyewe, hakuna inachobakiza cha kubebea watu. Shafti ya South Deep, ambayo keji inashuka karibu mita 3,000 kwa mkupuo mmoja, iko jirani na ukomo huo. Ndiyo maana Mponeng unashuka kwa vituo: keji ya kwanza, unatoka, unatembea, unaingia keji ya pili inayoanzia chini ya ardhi. Kushuka mpaka eneo la kazi kunaweza kuzidi saa nzima. Kila kilomita unayoongeza inakula muda wa zamu, umeme wa kupoza, na usalama. Kilomita 6 zinawezekana kwenye karatasi. Dhahabu yake italipa barafu? Hapo ndipo mjadala wa kilomita 6 unapokwama.

#12 Mama_Ihumwa

Baba MpimaMwamba, samahani nakutoa kwenye migodi nakuleta kwenye maji. Nimechimbiwa kisima Ihumwa. Bei tulipatana kwa mita. Wakasema wamefika mita 120, nikalipa 120. Maji yakawa ya kusuasua. Mtoto wangu kashusha kamba yenye nati nzito, imegota mita 92. Nimeibiwa mita 28 au vipi? Roho inaniuma, ile ni hela ya mkopo wa kikundi.

#13 MpimaMwamba

Pole sana mama. Na hongera kwa kupima, wengi hawapimi kabisa.

Usiwahukumu bado, na usiwasamehe bado. Hiyo 92 ni kina cha leo. Unachodai ni kina kilichochimbwa siku ile. Vinaweza kutofautiana kihalali kwa njia hizi: udongo na mchanga vimeporomoka na kujaza chini, hasa kama hawakuweka bomba la kukinga mpaka mwisho, au nati imekaa juu ya pampu au kiungo cha bomba, haijafika sakafuni. Pampu imo ndani? Kama imo, mwambie mwanao asirudie kabisa, kamba ikijizungusha kwenye waya wa pampu itakugharimu zaidi ya hizo mita 28.

Ushahidi uko kwenye rodi. Rigi, ile mashine ya kuchimbia, inachimba kwa kuunganisha rodi moja juu ya nyingine, na rodi zote zina urefu mmoja, mita 3 au mita 6 kutegemea rigi. Idadi ya rodi zilizoingia ikizidishwa na urefu wake ndiyo kina. Hakuna namna ya kuchimba mita 120 kwa rodi 31 za mita 3. Kulikuwa na mtu wenu pale siku ile anayekumbuka?

Pia dai kumbukumbu ya uchimbaji. Mchimbaji mwenye leseni anatakiwa kuandika alichokutana nacho: udongo mpaka mita ngapi, mwamba laini mpaka ngapi, maji yameonekana wapi, bomba za kukinga ngapi na zimeishia wapi. Nakala moja inatakiwa ifike bodi ya maji ya bonde. Ukiambiwa haipo, nenda ukaulizie huko na jina la kijiji na tarehe.

#14 Mama_Ihumwa

Pampu haijafungwa, waliondoka nayo wakidai nimalizie hela ya mwisho. Mjomba wangu alikaa pale kutwa nzima, alikuwa anahesabu rodi kwa kuweka kokoto kwenye kopo la rangi. Kopo lipo. Ngoja nimpigie.

#15 MpimaMwamba

Muulize na urefu wa rodi moja. Kama hakumbuki, piga picha rigi yao ikiwa kazini kwa mtu mwingine, rodi zikiwa zimelala kwenye gari, halafu pima moja kwa futi kamba ukipewa ruhusa. Pampu haijafungwa, vizuri: rudieni kamba kwa nati nzito zaidi, kila mara uzito ukigota uinueni kidogo muushushe tena pembeni. Ikigota palepale mara zote, na ikitoka na tope laini kwenye nati, shimo limejaa. Ikigota kwenye kitu kigumu na kutoka safi, niandikie hapa kabla hujalipa ile hela ya mwisho.

#16 Mama_Ihumwa

Mjomba anasema kokoto 40. Urefu wa rodi hakupima, kesho anapita Nala wanakochimba sasa hivi.